Mkata Nyama Aliyeambiwa Ale Mboga

Kwa masikitiko makubwa, na kwa idhini ya familia ambayo haikuombwa idhini yoyote, inatangazwa kwa ndugu, jamaa, marafiki, wateja wa jumla na wa rejareja, pamoja na ng'ombe wote popote walipo malishoni, kwamba Shoka, mkata nyama kwa miaka ishirini na mitatu katika bucha la marehemu baba yake, ameacha kula nyama. Heshima yake ilizikwa siku ya Jumamosi mbele ya umati, kwenye sakafu ya bucha hilohilo, na damu ilimwagika. Ng'ombe wanaombwa wasishangilie mapema. Ameacha kula, hajaacha kukata.

Jina la Shoka hakupewa na wazazi. Alipewa na soko, siku alipomrushia mwizi wa mikia muundi wa ng'ombe kutoka hatua ishirini na kumpata nyuma ya sikio. Mwizi alilala chali mbele ya duka la ndoo. Shoka alikwenda kuuokota muundi, akausuuza, akaurudisha mezani, na ukauzwa. Mara nyingine bwana mmoja wa koti zuri alibonyeza nyama kwa kidole na kusema imelala. Shoka hakubishana. Alimnyanyua kwa kola, akamtundika kwenye ndoano katikati ya mbavu mbili, akahudumia wateja watatu waliofuata, kisha akamshusha na kumuuliza kama kuna kingine anachoona kimelala. Bwana yule alinunua kilo nne za paja na hakudai hata mfuko.

Bucha lilikuwa na gogo moja na wanaume wawili. Kaka Mkubwa, aliyemtangulia Shoka kwa miaka mitatu, ndiye aliyeshika funguo, aliyenoa visu na aliyezungumza na watu, kwa sababu alikuwa na nyama ya ulimi. Shoka alikuwa na nyama ile nyingine tu. Alisimama kwenye gogo tangu alfajiri, akitenganisha viungo kwa pigo moja pale ambapo mwingine angepiga matatu na kujaza vigae vya mfupa kwenye kitoweo cha watu. Walipendana kwa namna yao. Kaka Mkubwa alikuwa na kovu juu ya jicho aliloachiwa na mdogo wake. Shoka alikuwa na pengo la jino aliloachiwa na kaka yake. Kwao ngumi ilikuwa namna ya kujuliana hali.

Na walikula. Shoka alikula maini asubuhi, mbavu mchana, na jioni alikula chochote ambacho wateja walikuwa hawajakiona. Majani aliyajua kwa kuyakuta ndani ya matumbo ya ng'ombe, na hakuona sababu ya kuyarudisha kwenye tumbo jingine.

Siku maumivu yalipokuja, alidhani amevamiwa. Aliamka akiwa na hakika kwamba kuna mtu ameshusha shoka kwenye dole gumba la mguu wake wa kulia, akarusha ngumi gizani ili ampate, akaupata ukuta. Mkewe, Mama Wawili, aliwasha taa. Dole lilikuwa limevimba, jekundu, linang'aa kama pilipili iliyopakwa mafuta. Shuka ikiligusa, Shoka alilia. Mtu aliyewahi kung'oa pembe ya fahali kwa mikono alilizwa na shuka.

Daktari wa zahanati alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani na mikono baridi. Alipima damu, akasema ni jongo. Alieleza kwamba damu ya Shoka imejaa asidi, na asidi ile inaganda kwenye viungo na kuwa kama vigae vya chupa. Akamwandikia dawa, akamwambia apunguze vyakula vizito na azidishe mboga.

Shoka alikwenda nyumbani amefurahi. Hapa inabidi ieleweke kwamba nyumbani kwake, kama kwenye nyumba nyingi za watu wenye akili timamu, mboga ni kile kinachokaa pembeni ya wali. Mama Wawili akiulizwa leo mboga gani, hujibu nyama, au hujibu mbavu, na hakuna anayemcheka. Yale mengine ya kijani yaliitwa majani, na yalikuwa ya wanyama. Daktari amesema azidishe mboga. Shoka alipunguza wali na kuzidisha mboga. Sahani moja ya nyama ikawa mbili. Maini ya asubuhi yakapata wenzao wa saa nne. Hakuwahi kutii amri ya daktari kwa moyo mkunjufu namna ile.

Wiki ya tatu alirudi zahanati akibebwa na Kaka Mkubwa mgongoni, mguu mzima umevimba mpaka kwenye kifundo, na nia yake ilikuwa kumvunja daktari shingo. Alianza na kiti. Alikipiga kwenye meza, miguu miwili ya kiti ikaruka, mmoja ukapita dirishani. Wagonjwa walikimbia, pamoja na mzee aliyekuwa ameletwa kwa machela. Daktari hakuinuka.

"Unakula mboga?" aliuliza.

"Nakula sana. Asubuhi, mchana na jioni."

"Mboga gani?"

"Maini."

Daktari alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kaka Mkubwa alikuwa wa kwanza kuangua kicheko, na Shoka akampiga kiwiko cha tumbo papo hapo kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Kisha daktari alichukua karatasi, akachora ng'ombe, akamkata kwa msalaba. Akachora kabichi na kuizungushia duara. Akasema sasa atasema mara moja tu, bila picha.

"Ukiendelea hivi, huo mguu hutausimamia tena. Na figo zitafuata. Kazi yako ni ya kukaa?"

"Ya kusimama."

"Basi chagua."

Shoka aliitazama ile kabichi kwenye karatasi kama mtu anayeonyeshwa mchumba asiyemtaka. Lakini alikuwa na kazi moja tu aliyoijua duniani, na kazi hiyo ilihitaji miguu miwili. Aliikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Mama Wawili aliipokea habari kwa bidii ya mtu aliyekuwa na kisasi cha muda mrefu. Aliichemsha kabichi mpaka ikakiri makosa yote, kisha akaendelea kuichemsha. Akaileta mezani ikiwa imelala ndani ya maji yake, bila chumvi ya maana, bila tone la mafuta. Shoka alionja, akairusha sahani ukutani. Mama Wawili akarusha sufuria. Tofauti ni kwamba sahani ilipiga ukuta na sufuria ilipiga mtu. Daktari yuleyule alimshona nyuzi nne juu ya sikio na kumuuliza, akiwa bado na sindano mkononi, mboga zinaendeleaje.

Baada ya hapo mkewe alimkabidhi mwiko na kumwambia jikoni ni kwake. Kama ana mikono ya kurusha sahani, ana mikono ya kuijaza.

Shoka aliingia jikoni kama anavyoingia machinjioni, na hilo ndilo lililomwokoa. Hakujua kupika kwa upole, basi alipika kwa shari. Boga alilipasua kwa pigo moja la shoka, mbegu zikaruka mpaka darini. Biringanya alizitupa nzima juu ya makaa ya moto, akazitazama zikiungua, zikivuja na kulalamika, mpaka ngozi ikawa mkaa. Kisha akazichuna kama anavyochuna mbuzi, na ndani akakuta nyama laini yenye harufu ya moshi. Alisimama nayo mkononi kwa muda. Akaiponda kwa kitunguu saumu, chumvi na ndimu, akaila yote akiwa amesimama.

Ujuzi wa gogo haukupotea. Alijua tangu zamani kwamba nyama ikijazana kwenye kikaango hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Uyoga ulikuwa na tabia hiyohiyo. Akauchana kwa mikono, akautandaza kwenye kikaango kikavu chenye moto wa hasira, akaukandamiza kwa jiwe la kunolea visu mpaka ukapiga kelele na kuwa na ukoko wa kahawia. Vitunguu alivikaanga bila huruma, vikapita rangi ya dhahabu, vikafika rangi ya chai ya rangi, na hapo ndipo alipotia nyanya. Maharagwe aliyaloweka tangu jana yake, akayachemsha mpaka yanapondeka kwa ulimi, akayatia karanga za kusaga yakawa mazito kiasi cha kijiko kusimama. Alichokuwa akikitafuta hakikuwa afya. Alitaka kushiba, ile shibe ya kulegeza mkanda na kumtazama mtu vibaya.

Usidhani aliacha kwa siku moja. Hata kichaa ana utaratibu. Kwanza yaliondoka maini na figo. Kisha asubuhi zote zikawa za mkate na karanga. Kisha akawa anatia vipande kumi vya nyama kwenye chungu cha maharagwe, wiki iliyofuata sita, iliyofuata vitatu, mpaka kikabaki kipande kimoja kilichozungushwa mle ndani kwa ajili ya heshima tu, ambacho Mama Wawili alikiita mwenyekiti. Mwenyekiti hakufanya kazi yoyote ila alitajwa kila siku. Jioni moja aliondolewa madarakani bila uchaguzi, na chungu hakikuona tofauti.

Mara moja tu aliteleza. Kwenye sherehe ya ukweni walimsukumia ubavu, akaogopa kuonekana ana dharau, akaula. Alilala sakafuni siku tano, akiuma mto ili majirani wasisikie. Siku ya sita aliposimama alikuwa ameshajua bei ya ubavu mmoja. Tangu hapo mguu ulitulia, na Shoka alikata nyama vizuri kuliko wakati wowote, kwa sababu mikono yake haikuwa na njaa nayo.

Ukimtoa Kaka Mkubwa, soko zima lilidhani anakula kama zamani. Chakula chake alikiweka kwenye chombo chenye mfuniko na kukila nyuma, pale wanapomwaga maji ya damu. Siku moja fundi viatu wa jirani, mtu ambaye hakuwahi kushona kiatu bila kushonea na umbea, alipita kwenda kujisaidia akamwona. Akauliza anakula nini. Shoka, akiwa na kinywa kilichojaa, alisema mboga. Fundi akasogea, akachungulia, akaona dengu.

Dakika kumi baadaye soko lilikuwa na swali moja. Mtu aliyeota meno juu ya nyama, anayeikata kila siku, anajificha nyuma ya ukuta kula dengu. Amekiona nini ndani ya nyama hiyo ambacho sisi hatujaonyeshwa? Kufika mchana jibu lilikuwa limepatikana: ni kibudu, nyama ya mnyama aliyejifia. Kesho yake ikawa punda. Siku ya tatu ikawa punda aliyejifia, na kulikuwa na mwanamke aliyekuwa tayari kumtaja punda mwenyewe kwa rangi. Mteja mmoja alirudisha paja kwa kulirusha kupitia mlangoni. Lilimpiga Kaka Mkubwa kifuani, likamkalisha.

Kaka Mkubwa hakuwa mtu wa kufa kikondoo. Alifunga mlango, akamwambia mdogo wake kwamba Jumamosi atasimama mbele ya watu na kula ini, mbele ya macho yao, alitafune na alimeze, basi. Shoka akamkumbusha habari za mguu. Kaka Mkubwa akasema kipande kimoja hakiui. Shoka akamwambia kuhusu siku tano za ukweni. Kaka Mkubwa akasema siku tano si kitu, bucha likifa limekufa, na kama hawezi kumeza kipande kimoja kwa ajili ya jasho la baba yao, atafute gogo lingine la kusimamia. Shoka akajibu kwamba bila mguu hakuna gogo atakalosimamia. Wakapigana kidogo, kwa mazoea, bila mshindi.

Jumamosi umati ulijaa mpaka barabarani. Fundi viatu alikuwa mbele kabisa na kiti chake cha kazi, amekaa. Kaka Mkubwa alisimama kwenye ngazi, akahutubia kwa ile nyama ya ulimi: kwamba hapa ni bucha la ukoo, kwamba marehemu baba yao hakuwahi kuuza kibudu hata wakati wa ukame, na kwamba sasa ndugu yake mpendwa, kwa hiari yake, atawaonyesha. Akainua sahani yenye ini lililokaangwa, kubwa kama kandambili.

Shoka alitikisa kichwa.

"Kula," kaka yake alisema polepole, akitabasamu kwa watu.

"Sili."

"Kula, nitakuua."

"Niue nikiwa nimesimama."

Kilichofuata kilikuwa patashika nguo kuchanika. Kaka Mkubwa alimpiga kichwa cha pua, Shoka akarudi nyuma mpaka kwenye ndoano, nusu ya ng'ombe ikaanguka na kumkumba fundi viatu na kiti chake. Shoka akamrushia kaka yake ndoo ya makongoro. Wakakamatana, wakabiringika kwenye unga wa mbao uliolowa damu, wakaangusha mizani, wakavunja kioo cha mbele. Watu wakarudi nyuma hatua mbili, wakasogea mbele tatu. Pua ya Shoka ilikuwa bomba la damu. Nyusi ya Kaka Mkubwa ilifunguka palepale penye kovu la zamani. Mwishowe Kaka Mkubwa alimpandia kifuani, akambana mikono kwa magoti, akamziba pua iliyovunjika. Mdomo ulipofunguka kutafuta hewa, akalisukumiza ini ndani kwa vidole, mpaka kooni.

Shoka alikuwa na silaha moja iliyobaki. Akafunga meno.

Sauti iliyosikika wakata nyama waliijua. Ni ile ya kiungo kidogo kinapoachana na mwenzake. Kaka Mkubwa alipiga ukelele akaruka pembeni ameshika mkono. Shoka aliketi, akatema ini, kisha akatema ncha ya kidole cha shahada cha kaka yake, pamoja na ukucha. Ukiacha hilo ini, ndiyo nyama pekee iliyoingia kinywani mwake tangu ubavu wa ukweni, na hata hiyo hakuimeza.

Kwa mantiki ya umati, mtu anayeona heri kumkata ndugu yake kidole kuliko kumeza kipande kile, basi kipande kile ni sumu. Fundi viatu, akitambaa kutoka chini ya ng'ombe, aliharakisha kulisema hilo kwa sauti. Hapo Kaka Mkubwa alifanya jambo la kishujaa kuliko yote ya maisha yake. Huku damu ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, aliinama, akaliokota ini kwenye unga wa mbao, akalila. Lote. Akafungua mdomo, akawaonyesha kwamba hamna kitu.

Watu walikaa kumsubiri afe. Mwenye saa aliitazama. Ilipita nusu saa, Kaka Mkubwa akazidi kutukana kwa nguvu mpya, na ikaonekana wazi kwamba maiti haitukani hivyo. Mtu wa kwanza akaomba kilo mbili za mbavu.

Hapo ndipo Kaka Mkubwa alipomgeukia mdogo wake. Hakupiga kelele. Alichukua shoka la mdogo wake kutoka kwenye gogo kwa mkono uliobaki mzima, akalitupa barabarani, akamwambia alifuate na asirudi. Shoka alilifuata. Mguu aliuokoa; pa kuusimamisha hana.

Nyumbani alikaa siku kumi na moja, akipika kama mtu anayelipiza kisasi kwa shamba zima. Alivunja maboga ya mtaa mzima bila kuombwa. Mama Wawili alikula, akanenepa, akamwambia mumewe kwamba chakula kitamu lakini uso wake unachachusha maziwa. Kila alfajiri Shoka aliamka, akavaa, akasimama katikati ya chumba, akakumbuka, akavua.

Buchani nako mambo yalikuwa mabaya. Kaka Mkubwa alikata kwa mkono wa kushoto, akipiga mara tano pale pa moja. Nyama ilitoka kama imegongwa na lori. Mteja mmoja alivunjika jino kwa kigae cha mfupa, akarudi na kumpiga Kaka Mkubwa kwa kilo moja na nusu ya ushahidi. Jirani alisema mahali pale sasa hata punda angeona aibu kuuzwa.

Siku ya kumi na mbili, mchana, Kaka Mkubwa aligonga mlango wa mdogo wake. Mkono ulikuwa na bandeji, jicho moja limefumba. Shoka alimtazama, akapisha. Mama Wawili alisogeza sufuria zote mbali na mikono ya wanaume, kwa tahadhari, kisha akapakua: wali, dengu zilizokolea tangawizi, biringanya za makaa, uyoga wenye ukoko. Kaka Mkubwa aliupekua uyoga kwa kijiko akitafuta mfupa. Hakuukuta. Alikula sahani ya kwanza kwa dharau, ya pili kwa kimya, ya tatu aliisogeza mwenyewe. Akalegeza mkanda.

Kisha alisafisha koo, na nyama ya ulimi ikamrudia. Alizungumza kwa muda mrefu. Alisema damu ni moja hata ikimwagika, kwamba kidole kimekwenda lakini ndugu amebaki, kwamba baba yao huko aliko anaona gogo limekosa mtu na hapati usingizi. Alisema alfajiri atafungua, na shoka liwe mahali pake. Lakini watu watauliza, alisema, na safari hii lazima wapewe neno la maana. Wengine wanasema Shoka ameingia dini mpya. Wengine wanasema amewaonea huruma ng'ombe, anawasikia wakilia usingizini. Mwalimu mmoja amesema ni falsafa. Akaegemea mbele, jicho lake zima limelowa, akauweka mkono wa bandeji juu ya bega la mdogo wake.

"Niambie, mdogo wangu. Niwaambie nini?"

Shoka alikuwa anakwangua ukoko wa wali chini ya sufuria.

"Waambie mguu uliuma," alisema. "Sasa hauumi."